Barua za Mzee John Adams

Najua wengi mtashtuka kuona jina la kigeni juu ya ukurasa huu. Katika jarida hili tumezoea kusoma habari za mashujaa wetu, kina Mekatilili na kina Fumo Liyongo, na hata mimi nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya mmoja wao. Mbona basi nawaletea mzee wa Marekani aliyezikwa karibu miaka 200 iliyopita? Hebu nivumilieni kidogo.

Wenzangu wa kidato cha tatu wanalijua jambo lenyewe. Mimi na rafiki yangu, ambaye tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza na kutembea pamoja kila jioni kurudi nyumbani, sote wawili tuligombea uenyekiti wa chama hiki. Mwenzangu akashinda. Kushindwa si neno, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lililoniuma ni kwamba siku moja kabla ya kura kulipitishwa kikaratasi darasani cha kumcheka mama yangu, ambaye huuza maandazi pale stendi, na nikaambiwa eti mwenzangu alikisoma akacheka. Alicheka au hakucheka, sikumuuliza. Nilibeba vitabu vyangu nikahamia dawati la nyuma, na muhula mzima wa pili ukaisha hatusemezani.

Sasa, sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni la kukimbilia mtu akitaka kununa peke yake. Siku moja ya mvua, saa ya chakula cha mchana, nilijificha maktabani. Nikachomoa kitabu kikuukuu cha historia ya Marekani, jalada lilikuwa limeng'oka zamani, nikakifungua nipitishe muda tu. Hapo ndipo nilipokutana na John Adams, Rais wa pili wa nchi hiyo, na rafiki yake Thomas Jefferson, Rais wa tatu. Kumbe watu hawa walipendana kama ndugu, kisha wakakosana kwa sababu ya uchaguzi, wakakaa miaka 11 bila kuandikiana hata mstari mmoja! Nilipofika hapo kengele ililia nisiisikie. Baadaye mwalimu wetu wa historia aliniazima vitabu vingine viwili, na haya ninayowasimulia yametoka humo.

Adams alizaliwa Oktoba 1735 katika mji mdogo wa Braintree, Massachusetts, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza kama Kenya ilivyokuja kuwa baadaye. Babake alikuwa mkulima na fundi wa viatu. Kijana John hakupenda shule hata chembe. Alimwambia babake wazi kwamba anataka kuwa mkulima kama yeye. Mzee hakumchapa. Alfajiri yake alimchukua wakaenda kukata nyasi za kuezekea, wakashinda huko kutwa nzima katika matope. Jioni mzee akamuuliza kama bado anautaka ukulima. Kazi ilikuwa imemchosha kwelikweli, lakini kwa ukaidi wake akajibu kwamba anaupenda sana. Mzee akasema yeye haupendi kiasi hicho, na kesho yake mtoto akarudi shuleni. Baadaye ikajulikana kwamba kijana hakuchukia masomo, alichukia mwalimu asiyemjali. Alipopelekwa kwa mwalimu mwingine alisoma kwa bidii za mchwa, akaingia chuo cha Harvard mwaka 1751 kabla hajatimiza miaka 16. (Walimu wetu wasinielewe vibaya.)

Ukaidi ule haukumtoka hadi kaburini. Alifundisha shule kidogo, akasomea sheria, akawa wakili. Mwaka 1764 alimwoa Abigail Smith, binti wa mchungaji, ambaye hakupelekwa shule kwa kuwa wasichana wa enzi ile hawakupelekwa, lakini alikuwa amesoma vitabu vya babake akaelimika kuliko wanaume wengi waliovaa majoho. Mwaka 1770 askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi wananchi huko Boston, wakafa watu watano. Mji mzima ulitaka damu ya wale askari. Hakuna wakili aliyetaka kuwatetea, nani ataka kuitwa msaliti? Adams, ambaye mwenyewe alikuwa akiwapinga Waingereza, alikubali, kwa kuwa aliamini kila mshtakiwa lazima apate mtetezi. Kapteni aliachiliwa. Katika askari wanane, sita waliachiliwa, na wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakachomwa alama kwenye kidole gumba. Nawaeleza haya ili mjue ni mtu wa aina gani tunayemzungumzia: mtu asiyejali kupendwa, ila akitukanwa huumia usiku kucha. Ajabu kweli, lakini watu wa hivyo wapo. Mimi ni mmoja wao.

Mwaka 1774 makoloni yalituma wajumbe katika mji wa Philadelphia kushauriana juu ya ukoloni, na Adams akawa mmoja wao. Mwaka uliofuata akaja mjumbe kijana kutoka Virginia, Thomas Jefferson. Kama ungewaona wakiwa wamesimama pamoja ungecheka. Adams alikuwa mfupi, mnene, msemaji asiyechoka, mtoto wa mshona viatu. Jefferson alikuwa mrefu kama mnazi, mpole, hafungui mdomo mkutanoni, na tajiri wa mashamba ya tumbaku yaliyolimwa na watumwa. Lakini mwenzake alikuwa na kalamu! Mwaka 1776 iliundwa kamati ya watu watano iandike Azimio la Uhuru, na wote wawili wakawamo, pamoja na mzee Benjamin Franklin. Adams alikuja kusimulia kwamba yeye ndiye aliyemsukuma Jefferson aliandike, kwa sababu Jefferson aliandika vizuri mara kumi kuliko yeye, na tena yeye Adams alikuwa hapendwi. Jefferson akaandika. Lilipofikishwa mbele ya wajumbe wote, Jefferson alikaa kimya akiumia jinsi maneno yake yanavyokatwakatwa, na Adams ndiye aliyesimama kulipigania. Tarehe 4 Julai 1776 likapitishwa. Ishikeni tarehe hiyo, tutairudia.

Wakati huo wote Abigail alikuwa nyumbani Braintree na watoto na shamba, na vita vimepamba moto. Mume na mke waliandikiana. Barua zao zilizohifadhiwa ni zaidi ya 1,100, na humo utapata kila kitu, bei za vitu, magonjwa, habari za vita, mapenzi, hata ugomvi. Machi 1776 Abigail alimwomba mumewe kwamba, wakitunga sheria mpya za nchi huru, wawakumbuke na wanawake, wasiwaachie waume mamlaka yote. Adams alimjibu kwa mzaha, akacheka. Hapo sikumpenda. Mtu aliyewatetea hata askari wa adui alishindwa kulichukua kwa uzito ombi la mke wake mwenyewe.

Vita vilipoendelea Adams alitumwa Ulaya, mwaka 1778, akifuatana na mwanawe John Quincy wa miaka kumi. Huko alikaa miaka mingi akitafuta marafiki na mikopo, Uholanzi ikakubali kuikopesha nchi yake, na mwaka 1783 akawa miongoni mwa waliotia sahihi mkataba wa amani mjini Paris. Mwaka 1784 Jefferson naye akafika Paris. Alikuwa amefiwa na mkewe miaka miwili kabla, bado ana majonzi. Familia ya Adams ilimpokea kama mtu wa nyumbani. Abigail, ambaye hakuwa mtu wa kumsifu kila apitaye, alimpenda sana. Adams alipohamishiwa London kuwa balozi wa kwanza wa nchi yake huko, barua zikawa zinavuka bahari ndogo ile huku na huku, za kazi na za kuagiziana viatu na vitambaa. Mwaka 1786 Jefferson aliwatembelea, na wanaume hao wawili wakazunguka mashambani Uingereza kutazama bustani. Walifika hadi nyumbani kwa Shakespeare, wakaonyeshwa kiti kilichosemekana kuwa chake, nao wakakata kipande cha mbao wakaondoka nacho kama ukumbusho. Marais wawili wa baadaye, jamani! Na sisi tukichora jina kwenye dawati tunaitwa ofisini.

Mwaka uliofuata binti mdogo wa Jefferson, Polly, alivuka bahari kumfuata babake, akapokelewa London na Abigail. Mtoto alikuwa na miaka minane, akamshika Abigail asitake kumwachilia. Aliyemsindikiza melini alikuwa msichana mtumwa wa miaka 14, jina lake Sally Hemings. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Wanahistoria wengi leo wanakubali kwamba Jefferson alikuja kuzaa naye watoto. Nimeweka jambo hili hapa kwa sababu vitabu vingine huliruka, na kwa sababu mimi lilinikaa moyoni hata nilipokuwa nikisoma mambo mazuri ya Jefferson. Katika maisha yake yote alimiliki watumwa zaidi ya 600. Adams hakuwahi kumiliki hata mmoja.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, maana ndio ulionifanya nishike kalamu.

Nchi ilipopata katiba, George Washington akawa Rais mwaka 1789, Adams akawa Makamu wake, na Jefferson akawa waziri wa mambo ya nje. Mwaka huohuo mapinduzi yakazuka Ufaransa. Jefferson alifurahi, aliona uhuru unaenea duniani. Adams aliogopa, aliona damu itamwagika. Kutoka hapo watu wakagawanyika makundi mawili, na makundi yakawa vyama: Federalist upande wa Adams, na Republican upande wa Jefferson. Magazeti ya upande huu yakawa yanatukana upande ule. Mwaka 1796 Washington alipostaafu, marafiki wetu wawili wakajikuta wanagombea kiti kimoja. Adams alipata kura 71 za wajumbe, Jefferson 68. Kura tatu tu! Na kwa sheria ya wakati ule, aliyekuwa wa pili ndiye alikuwa Makamu wa Rais. Yaani ulimshinda mwenzako halafu mnafanya kazi pamoja miaka minne.

Hapa kuna jambo nililolisoma mara tatu. Jefferson aliposikia kwamba ameshindwa, alimwandikia Adams barua nzuri ya kumpongeza, kumwambia kwamba hana kinyongo na bado ni rafiki. Lakini hakuipeleka moja kwa moja. Aliipeleka kwanza kwa rafiki yake wa chama, James Madison, aisome aone kama inafaa. Madison akafikiri kisiasa: je, siku moja chama chetu kikimpinga Rais, naye ana barua hii mkononi? Akashauri isitumwe. Haikutumwa. Adams aliingia kwenye urais asijue kwamba kulikuwa na barua kama hiyo duniani.

Miaka minne iliyofuata ilikuwa shubiri. Nchi ilikaribia kupigana na Ufaransa. Mwaka 1798 Adams alitia sahihi Sheria ya Uchochezi, iliyowezesha watu kufungwa kwa kuandika mabaya juu ya serikali. Wahariri wa magazeti wakatiwa ndani. Hilo ni doa lake, na wanaomsifu wasilifiche. Jefferson naye, akiwa Makamu wa Rais huyohuyo, alikuwa akimpa pesa kisirisiri mwandishi mmoja, James Callender, aliyemtukana Adams matusi ya nguoni. Callender alifungwa miezi tisa kwa sheria ile ya Adams. (Na mchimba kisima huingia mwenyewe: mwaka 1802 huyo Callender alimgeukia Jefferson, akachapisha habari za Sally Hemings nchi nzima ikasoma.) Kwa hiyo ukiniuliza nani alimkosea mwenzake, nitakuambia wote. Lakini kila mmoja alihesabu makosa ya mwenzake tu.

Mwaka 1800 walishindana tena. Adams alikuwa amefanya jambo kubwa, amekataa kupigana na akapata amani na Ufaransa, lakini amani hiyo iliwakasirisha watu wa chama chake mwenyewe. Akaanguka. Alipata kura 65, Jefferson 73. Siku hizohizo akapata habari kwamba mwanawe Charles amekufa kwa ulevi mjini New York. Charles alikuwa amemuudhi hata Adams akaapa kutomtazama tena, na kweli hakumtazama tena. Fikirini mzee huyu ana nini kifuani. Tarehe 4 Machi 1801, siku ya kuapishwa kwa Jefferson, Adams hakungoja. Saa kumi za alfajiri alipanda gari la farasi la abiria, gari la watu wote kama matatu zetu, akaondoka Washington gizani bila kumuaga mtu aliyempokonya kiti. Watu wengi walimlaumu. Mimi siwezi, maana najua nilivyobeba vitabu vyangu siku ile.

Basi kimya kikaanza. Adams alirudi shambani kwake Quincy, jina jipya la sehemu ile ya Braintree, akawa anafuga, anabeba mbolea, na kuandika makala ndefu magazetini kujitetea. Mwaka 1804 yule Polly aliyemshika Abigail nguo kule London alifariki akiwa na miaka 25. Abigail hakuweza kuvumilia, akamwandikia Jefferson rambirambi bila kumwambia mumewe. Jefferson alijibu kwa shukrani, lakini akaongeza maneno ya siasa, kwamba kuna jambo moja tu ambalo Adams alimkosea. Abigail akawaka, akamkumbusha habari za Callender. Barua zikaenda zikarudi, saba kwa jumla, na mwisho zikakatika vibaya kuliko mwanzo. Ona basi. Walianza na msiba wa mtoto, wakaishia kuhesabiana makosa.

Aliyewapatanisha alikuwa daktari. Benjamin Rush wa Philadelphia alikuwa pia miongoni mwa waliotia sahihi Azimio la Uhuru, na alikuwa rafiki wa wote wawili. Oktoba 1809 alimwandikia Adams kwamba ameota ndoto: ameona kitabu cha historia, na ndani yake imeandikwa kwamba Adams alimwandikia Jefferson, urafiki ukarudi, na kwamba mwishowe wawili hao wakaingia kaburini karibu wakati mmoja, wakiwa wazee wenye heshima. Adams aliifurahia ndoto, ila hakuandika. Ukaidi! Miaka miwili ikapita. Kiangazi cha 1811 vijana wawili wa Virginia walimtembelea Adams nyumbani kwake, na katika kuzungumza mzee akafoka juu ya siasa za zamani, kisha akasema kwamba yeye daima alimpenda Jefferson na bado anampenda. Maneno hayo yalibebwa hadi Virginia. Jefferson aliposikia alimwandikia Rush kwamba hayo yanamtosha.

Tarehe 1 Januari 1812 Adams akachukua kalamu. Mwadhani aliandika nini? Radhi? Maelezo ya miaka 11? La hasha. Aliandika barua fupi ya kumtakia heri ya mwaka mpya, na kusema kwamba anamtumia vipande viwili vya nguo iliyofumwa nyumbani, kazi ya mtu ambaye Jefferson alimtendea wema alipokuwa kijana. Ulikuwa mzaha. Ile nguo ilikuwa vitabu viwili vya hotuba alivyoandika mwanawe John Quincy. Lakini barua ilitangulia na kifurushi kikachelewa. Jefferson, maskini, akaamini ni nguo kweli! Akakaa chini akaandika jibu la heshima, akaeleza kwa kirefu jinsi watu wa Virginia wanavyosokota na kufuma nguo majumbani mwao, kabla hajageukia kumbukumbu za zamani walipopigania uhuru pamoja. Kifurushi kilipofika, akaandika tena mara moja. Nilicheka peke yangu pale maktabani hadi mtunza vitabu akanitazama. (Tukiwa kwenye nguo, kumbukeni kwamba ile merikani waliyovaa mababu zetu wa pwani ilikuja baadaye katika karne hiyohiyo, na nyingi yake ilitoka Massachusetts, jimbo la huyu mzee.)

Kutoka siku hiyo hawakuachana. Katika miaka 14 waliandikiana barua 158. Adams aliandika 109 na Jefferson 49, yaani mzee wa Quincy alituma zaidi ya mbili kwa kila moja aliyopokea, wala hakulalamika. Walizungumzia nini? Afadhali uniulize ni nini hawakuzungumzia. Dini, falsafa za Wayunani, wenyeji wa asili wa Marekani, uzee, huzuni ina faida gani kwa binadamu, kama mtu angepewa nafasi ya kuishi upya maisha yaleyale angekubali. Walibishana pia. Mwaka 1813 walivutana juu ya jinsi wenye akili na wenye mali wanavyopata kutawala wengine. Lakini sasa walibishana kama watu wanaotaka kuelewana kabla hawajafa, na hilo Adams alilisema waziwazi. Jefferson alikuwa na mashine yenye kalamu mbili, akiandika kwa moja ya pili inaandika nakala, na kwa bahati hiyo barua zake nyingi tunazo mpaka leo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umewahi kuvunjika, na uzeeni kuandika kulimuuma. Adams macho yalififia na mikono ikatetemeka, akawa anasoma kwa macho ya wengine na kuandika kwa mikono ya wengine.

Oktoba 1818 Abigail alifariki kwa homa ya matumbo, baada ya miaka 54 ya ndoa. Jefferson alisoma habari magazetini. Alimwandikia rafiki yake barua fupi sana. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika mkewe na watoto wake watano kati ya sita, kwa hiyo alijua kwamba katika msiba kama huo maneno mengi hayasaidii. Hakutia siasa safari hii.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1823. Zamani, wakati wa kimya, Adams alikuwa amemwandikia ndugu yake mmoja wa mbali barua za hasira, zimejaa shutuma juu ya Jefferson. Ndugu huyo akafa, na mwanawe akazichapisha zote. Adams alikuwa na miaka 87, urafiki wake wa mwisho duniani unaning'inia. Kabla hajajua afanye nini, barua ikafika kutoka kwa Jefferson. Ilimwambia asijisumbue, kwamba hao wanaotaka kutupa miiba kati ya wazee wawili hawatafaulu. Ilisomwa mezani wakati wa kiamsha kinywa, familia yote ikisikiliza, na ilipoisha walitaka ichapishwe. Callender alikuwa upande mmoja, barua hizi upande wa pili. Wakawa sare, kama ningekuwa refa.

Jambo moja hawakulimaliza. Mwaka 1821 Adams aliandika kwamba kwa miaka 50 ameuona utumwa ukining'inia juu ya nchi yao kama wingu jeusi, na kwamba analiacha suala hilo kwa watu wa kusini. Aliogopa kumsukuma rafiki yake. Sijui kama ningempa alama hapo. Urafiki wao ulinusurika kwa kunyamazia jambo ambalo halikupasa kunyamaziwa, na gharama hawakuilipa wao. Jefferson alipokufa aliacha madeni makubwa, na mwaka 1827 watu 130 walinadiwa shambani kwake Monticello, familia zikatawanywa.

Mwaka 1825 John Quincy, yule aliyefuma ile nguo, aliapishwa kuwa Rais wa sita. Aprili 1826 Adams alimtumia Jefferson barua ya mwisho, baada ya mjukuu wa Jefferson kufika kumtembelea. Julai ilikuwa ikikaribia, miaka 50 ya uhuru, na wazee hao walialikwa sherehe nyingi wasiweze kwenda hata moja. Tarehe 4 Julai 1826, muda mfupi baada ya saa sita mchana, Jefferson alikata roho Monticello akiwa na miaka 83. Adams, akiwa na miaka 90, alikuwa kitandani Quincy, mizinga ya sherehe ikisikika nje. Waliokuwapo walisimulia kwamba katika maneno yake ya mwisho alitaja kuwa Thomas Jefferson bado yu hai. Hakukuwa na simu ya kumwambia. Jioni naye akafariki. Ndoto ya daktari Rush, ambaye mwenyewe alikufa 1813, ilitimia hadi tarehe.

Wasomaji wapenzi, tangu nisome habari hizi nimeandika barua nne. Ya kwanza ilikuwa na kurasa sita, imejaa habari za kikaratasi, nani alikiandika, nani alikipitisha, nani alicheka. Niliichana. Ya pili na ya tatu zilikuwa fupi kidogo, nazo nikazichana. Ya nne ina mistari minne. Inauliza kama mwenzangu bado anapitia ile njia ya mtoni jioni, maana nasikia daraja limetengenezwa, na inasema kwamba mama bado huniuliza mbona haji tena kula maandazi. Kikaratasi sikukitaja.

Ninyi mnajua kwamba makala zote za jarida hili hupitia mikononi mwa mwenyekiti wa chama kabla ya kupelekwa kupigwa chapa. Barua ya mistari minne nimeikunja nikaibana katikati ya kurasa za makala haya. Ikiwa unayasoma, basi mwenyekiti ameshayasoma. Mimi bado niko dawati la nyuma, upande wa dirisha.